Matamvua mekundu kwenye baridi ya Kabale

Nilipohamia Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kutoka Tanga, kitu cha kwanza kununua kilikuwa blanketi zito. Asubuhi ukungu umefunika vilima, na maji yasipochemshwa hayaogeki. Mama akipiga simu huanza na, "Mwanangu, umevaa sweta?"

Siku hizi naiombea baridi hiyo isipungue. Mwalimu mgeni aliyekuwa akirejea kwao aliniachia tangi la kioo lenye aksoloti wawili, jamii ya salamanda, yaani ndugu za chura wenye mkia. Kwa Afrika, salamanda wako kaskazini tu, Moroko, Algeria na Tunisia. Kwetu hawapo, ndiyo maana hata jina la Kiswahili hawana. Asili ya aksoloti ni maji ya Xochimilco, Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wanataka maji ya nyuzijoto 16 hadi 18, na tangi langu hukaa hapo lenyewe, bila mashine. Tanga nisingethubutu.

"Mjusi kafiri huyo!" Mama alisema nilipomtumia picha. Hapana, Mama. Mjusi ana magamba. Huyu ngozi yake inateleza kama bamia, na kila upande wa kichwa ana matamvua matatu ya kupumulia, mekundu, yanayopepea majini. Wenzake wengi wakikua huhamia nchi kavu. Yeye huzeeka na matamvua yake ya utotoni.

Nawalisha nyungunyungu kutoka shamba la viazi la jirani. Aksoloti hatafuni: hufumbua kinywa ghafla, akafyonza maji pamoja na mnyoo. Hilo sikulizingatia nilipopamba tangi kwa vijiwe. Mmoja alimeza kijiwe, akasusa kula siku tano hadi kilipotoka. Nilivitoa vyote usiku uleule.

Kisha mkubwa akamng'ata mdogo kiganja kikakatika. Nililia. Baada ya siku kadhaa pakatokea kinundu kama punje ya mtama, kikarefuka, kikagawanyika. Nikawa nahesabu kila asubuhi mpaka vidole vinne vikatimia.

Dereva mmoja wa Mombasa, hupita hapa akielekea mpaka wa Rwanda pale Katuna, aliniambia, "Kaka, wamwage Ziwa Bunyonyi wazaane, tuuze." Nilimkatalia palepale. Kuna ugonjwa wa ukungu wa ngozi ambao umemaliza vyura na salamanda nchi nyingi, na biashara ya wanyama hawa ndiyo iliyousafirisha. Hata maji ya tangi nayamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, mbali na kijito. Kule bondeni vyura huanza kulia jua likizama, na dirisha langu huliacha wazi niwasikie, baridi au si baridi.