Ukirudi nyumbani kutafuta ukoo, anza na tanzia ndipo uende makaburini

Anayekaa mbali miaka mingi hukosa misiba mingi, na kila aliyezikwa yeye akiwa hayupo ameondoka na majina ya watu ambao pengine hakuna mwingine anayewakumbuka. Kwa hiyo aliyerudi akitaka kuijua nasaba yake asianze na babu wa babu. Aanze na waliofariki akiwa mbali. Tanzia zao bado zinapatikana, waliowazika bado wapo na wanaulizika, na kila marehemu hukuelekeza kwa aliyemtangulia.

Kabla ya kwenda popote andika orodha: jina kamili, majina mengine yote aliyoitwa, jina la mwenzi wake, mwaka wa kifo na mahali alipozikwa. Mwaka wa kukisia uandikie "takriban" papo hapo, la sivyo baada ya mwezi mmoja utauona kama wa uhakika.

Tanzia si moja. Kuna tangazo la kifo, kuna wasifu unaosomwa mazishini, kuna shukrani za familia zinazotoka wiki kadhaa baadaye, na kuna kumbukumbu ya mwaka wa 1, wa 5 au wa 10. Wengi huishia kwenye tangazo la kwanza, nalo ndilo dhaifu kuliko yote, kwa kuwa liliandikwa harakaharaka na mtu mwenye majonzi. Shukrani huandikwa moyo ukiwa umetulia. Kumbukumbu nazo zilinganishe: jina lililokuwa la mfiwa likionekana miaka 10 baadaye likitanguliwa na "marehemu", umepata kifo kingine cha kufuatilia. Gazeti lisilo na faharasa lifunue kuanzia siku ya kifo hadi siku ya 14. La kila wiki, pitia matoleo 3.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile inayoanza na "ameacha". "Ameacha mjane, watoto 7, wajukuu 23 na vitukuu 4." Hesabu majina yaliyotajwa. Ukikuta ya watoto 5 tu, wawili wameachwa kwa sababu fulani: huenda ni wa mke mwingine, huenda hawakuelewana na aliyeandika, huenda nafasi iliisha. Wafuate hao wawili. Binti aliyeolewa mara nyingi hutajwa kwa jina la mumewe, na hilo ndilo litakalokufikisha kwa wajukuu wasiobeba jina la ukoo wenu. Tena uwe mwangalifu na maneno yetu ya undugu. "Baba" aweza kuwa baba mkubwa au baba mdogo, "kaka" aweza kuwa mtoto wa baba mdogo, na "ndugu" ni wote hao. Usichore mstari wa mzazi na mtoto kwa kutegemea neno moja la tanzia. Waulize wazee: walizaliwa tumbo moja?

Tarehe nazo zina mitego. "Alifariki usiku wa kuamkia Jumapili" ni Jumamosi usiku au Jumapili alfajiri, kwa hiyo cheti na tanzia vyaweza kupishana siku moja na vyote vikawa sahihi. Kwenye magazeti yaliyowekwa kwenye kompyuta, mashine ya kusoma maandishi huona "m" ikadhani ni "rn", na Hamisi akawa Harnisi. Tafuta tahajia zote: Hamisi, Khamis, Hamis. Zikishindikana, acha jina, tafuta kijiji au kazi yake pamoja na mwaka.

Makaburini, pitia ofisini kwanza. Daftari la mazishi kwa kawaida hufuata tarehe ya kuzikwa, halifuati majina, ndiyo maana tanzia hutangulia: bila tarehe utafunua daftari zima. Nakili safu zote, yaani namba ya kibali, umri, sehemu, mstari na namba ya kaburi, na hasa jina la aliyelipia kaburi. Jina hilo watu hulipuuza, kumbe mara nyingi ni la mtoto au mkwe. Nakili pia mistari 5 ya juu na 5 ya chini, kisha angalia kwenye ramani nani kalala jirani, maana familia nyingi hununua makaburi yanayopakana.

Jiwe lisomwe kwa mwanga, lisisomwe kwa kulikwangua. Brashi ya waya, dawa ya kuondoa madoa, chaki na unga vyote huharibu jiwe, na herufi iliyomomonyoka hairudi. Nenda asubuhi au jioni jua likipiga kwa upande, au mwombe mwenzako amulike kwa kioo kutoka ubavuni. Kivuli kitajaa ndani ya herufi na 3 haitaonekana tena kama 8. Piga picha ya jiwe zima, ya maandishi kwa karibu, ya pande zote 4, kisha ya makaburi jirani. Aliyerudi moja kwa moja ana faida ambayo mgeni wa wiki mbili hana: anaweza kulirudia jiwe lilelile kwa saa tofauti.

Penye umri badala ya tarehe ya kuzaliwa, toa miaka kwanza, kisha miezi, kisha siku. Aliyefariki 6 Mei 1931 akiwa na miaka 63, miezi 4 na siku 12: ukitoa miaka unapata 6 Mei 1868, ukitoa miezi unapata 6 Januari 1868, ukitoa siku unapata 25 Desemba 1867. "Katika mwaka wa 64 wa umri wake" maana yake ana miaka 63. Mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Mwaka wa 1340 unatoa karibu 1921.8, na kweli ulianza Septemba 1921 ukaisha Agosti 1922. Mwezi ukitajwa, tumia jedwali la kubadilisha tarehe, na uache nafasi ya siku moja au mbili.

Kutoliona kaburi si ushahidi kwamba mtu hakuzikwa hapo. Alama za mbao huoza, makaburi hutumiwa tena au huhamishwa. Wengine walinyimwa hata jina: Commonwealth War Graves Commission, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi na kumbukumbu za waliokufa vitani, iliyoundwa 1917, ilikiri katika ripoti ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, waliokufa kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ukoo wenye babu aliyekwenda vitani akapotea usichoke kumtafuta kwa sababu tu hana jiwe.

Tovuti za makaburi na nasaba kama Find a Grave na FamilySearch zitumie kama mwelekeo, kisha ulione jiwe au daftari lenyewe. Jiwe nalo huenda liliwekwa miaka 20 baada ya mazishi. Tarehe ya kuzaliwa juu yake ni maneno ya aliyeagiza jiwe, na huenda hata yeye alisimuliwa tu. Jiwe likisema 1902 na tanzia ikisema 1905, andika zote mbili, na mbele ya kila moja jina la aliyeitoa na mwaka alioitoa.