Ukurasa Uliong'oka

"Mama, 'bandia' si ni feki tu?"

Binti yangu aliniuliza hivyo Jumapili, amelala kifudifudi kwenye zulia, kitabu mkononi. Nikajua papo hapo anasoma nini. Nikatupa jicho kwenye kochi. Shosho yake alikuwa pale, ungo wa maharagwe mapajani.

"Ngoja nimsomee shosho huku mwisho," akasema.

Mwaka wa 1997, ule wa mvua ya El Niño, tulikuwa bado Kariobangi, chumba kimoja, mabati yanavuja pembe mbili. Nilinunua kitabu cha hadithi za Kiingereza pale inama, kwa wauza vitabu vikuukuu wanaovipanga chini kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi, kwa shilingi 20. Jalada hakikuwa nalo. Kwamba kulikuwa na hadithi iliyong'oka ukurasa wa mwisho, hilo nililigundua nimeshafika nyumbani, na mtu wa inama harudishi pesa.

Wengi mnaijua. Ni ile ya mkufu, ya Mfaransa Guy de Maupassant, aliyeitoa mwaka wa 1884. Mathilde, mke wa karani, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri aende nao dansi kwa waziri. Unapotea. Wananunua mwingine kwa faranga 36,000, wanakopa hadi kwa mashailoki wa huko, na deni linawala miaka kumi.

Mama alikuwa akifanya kazi ya nyumba Parklands. Jioni ile aliingia viatu mkononi, matope hadi magotini. Stima ilikuwa imepotea. Akawasha koroboi, akavuta kigoda, akaanza kukata sukuma. "Hebu nisomee, nisisinzie." Nikasoma, nikigeuza Kiswahili mstari kwa mstari, nikishindana na mvua juu ya mabati. Kwenye dansi alipiga miayo. Lakini nilipofika pale Mathilde anamwachisha kazi mtumishi, anahamia chumba cha darini, anasugua masufuria mpaka kucha zinaharibika, anapandisha maji ngazini akivuta pumzi kila ghorofa, kisu kikanyamaza. Mikono yake ilibaki juu ya ubao. Ile mikono. Sabuni ilikuwa imeichubua katikati ya vidole, na kipande cha jani kilikuwa kimenata kwenye kidole gumba. Hakukitoa. Huo ulikuwa mwezi wa tatu anakatwa shilingi 500 kwenye mshahara, kwa ajili ya bakuli la kioo lililomponyoka akilipangusa. Hakuwa ameniambia. Nilimsikia akimweleza jirani.

"Akalipa?"

"Akalipa."

"Zote?"

"Zote, na riba."

"Na mwenye mkufu, alisemaje?"

Ukurasa wenyewe ndio huo haupo. Nikasema, "Alimshukuru. Alilia, akamkumbatia."

Mama akashusha pumzi. "Angalau," akasema, na kisu kikaendelea.

Tangu hapo ameisimulia kwenye chama, kwenye matanga, kwa kila mjukuu anayekopa kitu cha mtu. Mimi nilikutana na ukurasa wa mwisho nikiwa kidato cha pili, maktabani, nikakifunga kitabu haraka kama niliyefumania watu wazima. Mkufu ule wa kwanza ulikuwa bandia. Thamani yake, ikizidi sana, faranga 500.

Na bakuli je? Kuna siku nimefungua mdomo nimuulize lilikuwa la namna gani, nikaishia kuuliza kama amekunywa dawa.

Basi Jumapili nilijipeleka jikoni, nikafungulia maji kwa nguvu, nikaosha masufuria yaliyokuwa safi. Niliporudi, binti yangu alikuwa kwenye simu, kitabu kimefungwa. Mama alikuwa ameinamia ungo, anatenga vijiwe upande mmoja.

"Umesikia mwisho wake?"

"Nimesikia." Akapepeta mara moja, akapuliza maganda. "Mfundishe huyu mtoto wako kusoma."