Kwenu hawalipi kiingilio

"Mama, mahakamani kwenu watu hawalipi kiingilio."

Alisema Mwongozaji wa mchezo huku akicheka, mbele ya vijana wote wanaoigiza, na mimi nikacheka pia. Tangu Jumanne neno hilo halinitoki. Naosha vyombo, nalisikia. Nimebanwa kwenye daladala, nalisikia. Hata Jumamosi tulipopokea mahari ya Neema, wajomba wakibishana juu ya ng'ombe, mimi nilikuwa namjibu Mwongozaji moyoni.

Na alinifuata mwenyewe! Wanaigiza Mabepari wa Venisi, ule mchezo wa Shakespeare alioutafsiri Mwalimu Nyerere, ukatoka 1969. Alitaka mimi, karani mstaafu wa mahakama, niitazame ile kesi, Shailoki anapodai ratili ya nyama kifuani mwa Antonio. Nikakuta ngoma inapigwa mfululizo, Shailoki anarusharusha kisu, Antonio anapiga yowe mpaka mishipa ya shingo imemsimama.

Nikamwambia, mwanangu, nimeita "Kooorti!" tangu hujazaliwa, na wanaosubiri hukumu sikuwaona wakipiga yowe. Yowe huja baadaye, tena hupigwa na ndugu huko nje. Aliye kizimbani hushikwa na vitu vidogo. Anafunga kifungo, anakifungua. Anamkodolea macho karani anayepekua jalada. Kwa hiyo toa ngoma. Shailoki anoe kisu kwenye soli ya kiatu, maana mchezo wenyewe unataka hivyo, na tuusikie ule mkwaruzo. Mizani ya buchani ikae mezani tangu mwanzo, mtu asiiguse. Antonio afungue shati mwenyewe, alivue, alikunje. Na yule mwanamke aliyejigeuza mwanasheria asiharakishe kusema "ngoja kwanza". Awaache watu mpaka pumzi ziwaishie.

Ndipo nikapewa lile la kiingilio. Ati watazamaji watalala.

Majibu yananijia sasa, saa nane za usiku. Kwetu hawalipi, sawa, lakini siku ya hukumu wanajaa hadi madirishani, wengine wametembea tangu alfajiri. Sikumwona aliyesinzia, labda mzee wa baraza mmoja, naye alikuwa na desturi hiyo hata kwenye kesi za mbuzi.

Basi jana mpiga ngoma hakuja, ana mtihani. Wakafanya bila ngoma, kwa kukosa namna. Kijana wa Antonio akavua shati, akalikunja, akatafuta pa kuliweka, hakupaona. Akamkabidhi yule binti anayeigiza karani wa mwanasheria, na binti akalipokea kwa mikono miwili. Mimi sikuwafundisha hilo! Mama wa chai alikuwa mlangoni na birika, vikombe vinamsubiri, hamimini.

Mwongozaji akatafuna kalamu. "Rudieni. Hivyo hivyo." Upande wangu hakutazama. Nilikwenda stendi kwa miguu, najichekea, bodaboda wananiita siitiki.

Baba Neema bado anakohoa. Anasingizia vumbi la shamba, na kadi ya bima hakumbuki kaiweka wapi.