Nimekukuta umepumzika

Jumapili wifi alikuja. Wifi yangu wa Muheza. Alishuka na kiroba cha machungwa kichwani, akanikuta kibarazani, daftari mapajani, miguu nimeiweka juu ya mbuzi ya nazi. Tukaamkiana, akaingia ndani kumtafuta Nasra. Hiyo ni saa tatu asubuhi. Saa kumi na nusu alipojifunga kanga yake kurudi, mimi bado nipo pale pale na daftari lile lile, kivuli cha mwarobaini tu ndicho kilichohama. Nikamsindikiza. Tulipofika kwenye kona ya fundi baiskeli akanishika mkono, akaniambia:

"Haya wifi, mie nakwenda. Ila leo nimefurahi. Nimekukuta umepumzika."

Nikamjibu, "Ahsante, wifi."

Basi. Gari likaja, akapanda, akanipungia mkono dirishani. Leo ni Ijumaa usiku na mimi bado namsindikiza.

Neno lenyewe halina ubaya, na hapo ndipo linaponichoma. Angelisema kwa kejeli ningemjibu papo hapo, yule mtani wangu na ulimi wangu anaujua. Lakini alilisema kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu aliyekwenda kumtazama mgonjwa akamkuta anakunywa uji. Utamrukiaje mtu anayekufurahia kiasi hicho? Unasema ahsante, unarudi nyumbani, unasimama katikati ya ukumbi unajiuliza: nimepumzika?

Kwa maana nitawaambia nilichokuwa nakifanya. Ninaandika hadithi ya mzee wa tishari, kile chombo cha kupakulia mzigo melini na kuuleta gatini. Tangu Ramadhani mzee yuko nje ya mlango wa nyumba yake, amerudi baada ya miaka mingi, anatakiwa apige hodi na hodi haitoki. Nilimwandikia ya sauti kubwa, ikawa ya askari. Nikamwandikia ya unyonge, ikawa ya mtu wa kuomba sadaka. Nikamwacha asipige kabisa, afungue tu, nikaona haya kwa niaba yake, mtu na umri ule anajipenyeza ndani kama mwizi. Jumapili nilikaa saa saba na nusu na huo mlango mmoja. Shingo ilikakamaa, chai ikapoa mara mbili, na mwisho, alasiri inakaribia, akaingia. Aya mbili. Hakuna kazi niliyoifanya wiki hii iliyonitoa jasho namna ile, na mwenzangu kashinda hatua chache tu kutoka pale nilipokaa, ameiona kwa macho yake mawili, akaiita mapumziko.

Jumatatu, juu ya baiskeli, nakaribia Mabanda ya Papa, jibu la kwanza likanijia: "Wifi, ile ilikuwa kazi." Nikaliona kavu. Mbele kidogo likaja jingine: "Ukiniona nimekaa, ujue nimebeba." Hilo nililipenda sana mpaka nilipofika ofisini, nikalirudia kimoyomoyo, nikalisikia majivuno yake. Usiku nikamweleza Baba Nasra huku anakata kucha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa ulitaka akwambieje? Pole na kazi?"

Alikuwa anatania. Mimi nikanyamaza, maana ndicho hasa nilichokitaka.

Toka hapo nimekuwa naisikiliza hiyo "pole na kazi" kama mtu aliyepoteza simu anavyosikiliza milio ya simu za wenziwe. Anayefagia uwanja huambiwa. Fundi aliye chini ya gari, inaonekana miguu tu, huambiwa. Mlinzi wa jengo letu yuko usingizini, ukipita anashtuka, nawe unamwambia pole na kazi, naye anaitika kwa heshima zote. Jumanne mtandao ulikatika ofisini tangu saa nne. Hakuna fomu inayopita, hakuna kontena linaloachiwa, tumekaa wanne, mimi natazama video ya mtu wa nchi za mbali anayeosha mazulia. Zulia la tatu akaingia dereva wa lori, karatasi mkononi, jasho linamtiririka, akasema, "Poleni na kazi." Tukaitikia kwa pamoja, bila aibu, "Tumeshapoa."

Mie nikiwa na kalamu huulizwa, "Bado unaandika-andika?" Mnaoandika mnalijua hilo. Kitenzi chetu watu hukirudia mara mbili ili kipungue uzito, kama kuchezacheza, kama kuzungukazunguka. Sijasikia daktari akiulizwa kama bado anatibutibu.

Ingawa hapo wa kulaumiwa kwanza ni mimi. Sheria ya kazi inanipa siku 28 za likizo kwa mwaka. Mwaka jana nilizichukua zote mfululizo, nikajifungia na huyo mzee wangu, nikarudi ofisini macho mekundu na sketi inanipwaya. Bosi akauliza, "Umepumzika vizuri?" Nikasema, "Sana, bosi." Ningesema nini? Kwamba nimechoka kuliko nilivyoondoka? Angeninyima ya mwaka huu.

Na mzee wetu wa mafaili, kila akiliona daftari langu, lazima aseme, "Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha." Ni kweli. Mtu wa kwetu, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, na miaka mingi aliitumikia forodha ya mkoloni, Pangani ikiwemo. Basi mimi najisikia mtu kwa kama dakika moja hivi, halafu mzee ananikabidhi faili. Juzi nilitamani kumuuliza: na huyo naye, jioni akirudi, akiwasha taa na kushika kalamu, nani alimpa pole?

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, hasira zangu zikiwa safi. Lakini Jumatano tulikwenda Pangani kumzika ami yake Baba Nasra, Mola amrehemu, na wifi bila shaka alikuwepo. Nilimkuta uani anasugua sufuria la wali kwa majivu, lile kubwa la shughuli. Nikashika upande wa pili. Tukasugua kimya kimya. Halafu, bila kunitazama, akauliza:

"Yule wako kaingia?"

"Nani?"

"Huyo uliyekuwa unampigia hodi Jumapili. Mie niko jikoni nasikia hodi, naitika karibu. Hodi, karibu. Natoka na mwiko mkononi sioni mtu, nakuona wewe umeukodolea macho ukuta. Mara ya tatu nikasema, huyu yuko na wake, sitoki tena."

Sikujua. Wallahi sikujua kama huwa naandika kwa sauti. Nikacheka, msibani, kicheko cha kuziba mdomo kwa kanga, mpaka mama mmoja kwenye majamvi akageuka kunitazama.

"Kaingia," nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Maana alikaa nje sana."

Lile jibu langu la Mabanda ya Papa lilikuwa ncha ya ulimi, nimelibeba siku tatu. Halikutoka. Nilikuwa nimekwama kwenye neno jikoni. Kasema alikuwa jikoni, na mwiko. Ndipo Jumapili ikaanza kunirudia kwa upande ambao sikuwa nimeuona. Kuna mtu aliniomba ninyanyue miguu achukue mbuzi akakune nazi, nikanyanyua bila kutoa macho kwenye daftari. Kuna sahani ya wali ilitokea ubavuni kwangu, vibua viwili na mchicha wa nazi, nikala, na sahani ikaondoka. Mchele ule niliununua mwenyewe Ijumaa, umejaa mawe, nikasema nitauchambua nikipata nafasi. Sikutafuna jiwe hata moja. Jioni sare za Nasra zilikuwa kambani, nami nikadhani Nasra amekua. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Wangu alijichukulia mwenyewe saa ya kwanza, akapalilia, akapika, akafua, kisha akanishika mkono kwenye kona akafurahi kwamba mimi nimepumzika.

"Pole na kazi, wifi," nikamwambia.

Akainua uso. "Ya leo au ya Jumapili?"

Sikuwa na la kusema. Nikavuta sufuria la pili.

Njia nzima ya kurudi Tanga nilikaa dirishani nikiwaza. Kitu kimoja nilikuwa nimekisahau kwa sababu ya hasira: usiku wa Jumapili nililala. Nililala moja kwa moja mpaka adhana, bila kontena hata moja kichwani, shingo inauma na mimi sijali. Jumanne, siku ya mazulia, nilirudi nyumbani nimechoka kiasi kwamba nilikaa kitandani na viatu mpaka magharibi. Sasa mwenye kuniona kwa nje, aliye jikoni anakuna nazi, akisema siku ile ya Jumapili uso wangu ulikuwa uso wa mtu aliyepumzika, mimi nina ushahidi gani wa kumpinga? Shingo peke yake haitoshi. Bado lakini. Bado kuna sehemu yangu inataka iitwe kazi, hata na mtu mmoja, hata mara moja kwa mwaka, na hiyo sehemu haikunyamaza pale uani wala haijanyamaza sasa hivi.

Alhamisi bosi kanihamishia meza ya meli, mshahara unapanda kidogo. Nimekubali, ada ya Januari inajulikana. Lakini nilipokuwa natia saini nilikuwa nahesabu Jumapili. Zamani za mzee wangu meli zilisimama nje kabisa, matishari yakaenda kuchukua mzigo yakauleta, na watu wa matishari wakapata mkate wao. Siku hizi gati lina kina cha mita 13, meli inakuja kufunga yenyewe, na ikifunga Jumapili basi karatasi zake ni za Jumapili. Meza hiyo aliyekuwa nayo kabla yangu aliniambia kwa wema kabisa, "Utazoea." Mzee wa tishari sijampa habari. Nimemwingiza ndani baada ya miezi yote ile, na tangu Jumapili nimemwacha sebuleni amekaa, hajapewa hata maji.

Wifi nitampigia kesho. Machungwa yake yamebaki manne na Nasra ameanza kuyaficha.

Halafu kuna hii luku. Jumamosi niliweka uniti za kututosha wiki mbili, jana nikakuta zimebaki 6. Sisi tuna friji, taa nne na feni moja ambayo nayo huzunguka ikitaka. Jana usiku nilizima kila kitu, friji nikalichomoa, hata chaja ya simu nikaichomoa, nikasimama gizani mbele ya mita. Kile kitaa chekundu kikaendelea kuwakawaka, taratibu, bila wasiwasi. Baba Nasra anasema ni nyaya za zamani. Mimi nautazama ule ukuta tunaochangia na jirani.