Miwani Mbili kwa Pua Moja

Jeshi la Marekani halikunichukua kwa sababu najua kulenga. Lilinichukua kwa sababu ya Kiswahili. Kuanzia 2009 hadi 2016 kulikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliowafungulia mlango wageni walioishi nchini kihalali, hata wasio na kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi huko daima, mradi wawe wahudumu wa afya au wajue lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye viza ya masomo, karo imenikaba koo, na uraia uliahidiwa mapema kwa atakayehitimu. Nikahojiwa kwa simu na mtu mwenye Kiswahili sanifu kuliko changu mimi mtoto wa Majengo, Mombasa, nikapita.

Ndivyo Julai 2014 ilivyonikuta Fort Jackson, kambi ya mafunzo ya makuruta katika mji wa Columbia, South Carolina, kichwa kipara na miwani ya serikali usoni.

Macho yangu yalianza kunitupa mkono nikiwa shule ya msingi. Sioni mbali, namba yangu ni 6.50 ya kutoa, yaani nikivua miwani, mtu aliye mbele yangu hatua mbili namjua kwa sauti tu. Kule mapokezini walitupima upya, wakapiga marufuku lenzi za kuvaa ndani ya jicho, kisha wakatugawia miwani ya fremu nyeusi nene. Waliotutangulia walituambia tushukuru Mungu. Hadi 2012 fremu zilikuwa za kahawia, mbaya kiasi kwamba askari waliziita miwani ya kupanga uzazi, kwa kuwa aliyezivaa hakuwa na hatari yoyote ya kupata mchumba.

Juu ya hiyo tukapewa na kinga ya macho: kioo cha plastiki kilichopinda kufuata uso, mikono ya kukaza nyuma ya masikio, na mkanda. Kwa sisi tusioona mbali, ndani yake hubanwa kifremu kidogo kisicho na mikono, chenye lenzi za namba yako. Kinakaa katikati, baina ya kinga na jicho, karibu mno. Kila nikipepesa, kope zilifagia lenzi. Mwenye macho mazima alivaa kioo kimoja akaenda zake. Mimi nilikuwa na vioo viwili, jasho katikati, na pua moja ya kubeba vyote.

Siku ninayoikumbuka ni ile ya kusawazisha vilengeo vya bunduki. Kabla hujaruhusiwa kufyatulia shabaha zinazochomoza ardhini kutoka mita 50 hadi 300, sharti kwanza ulale kifudifudi mita 25 kutoka kwenye karatasi na kupiga risasi chache chache hadi ziangukie pamoja ndani ya duara la sentimita 4. Zikishakusanyika, hata kama ni pembeni, unazungusha vilengeo na kuzivuta katikati. Zisipokusanyika hakuna cha kuzungusha. Unarudia.

Tulifika uwanjani umande haujakauka, misonobari pande zote, na hewa tayari nzito. Mombasa pia kuna joto la unyevu, nami nilijiona mzoefu, lakini Mombasa sikuwahi kulala juani na helmeti, fulana nzito ya kinga, vizibo vya masikio na bunduki ya M16. Kushoto kwangu alilala Mkenya mwenzangu. Tuliitana kwa tulikotoka, yeye Kakamega, mimi Pwani, maana majina yaliyoshonwa vifuani yalikuwa ya kutukanwa nayo.

Msimamizi aliye kwenye mnara wa uwanja akaamuru kwa kipaza sauti, tukaanza.

Risasi zangu za kwanza zilitawanyika karatasi nzima. Za pili vilevile. Moja haikuonekana kabisa, na hadi leo sijui ilitua kwenye karatasi ya nani. Sajenti aliyesimamia upande wetu (nitamwita afande, ingawa kule cheo chake kilikuwa na maneno mawili na ole wako usahau hata moja) alikuja akasimama nyuma ya visigino vyangu. Akasema nashtuka. Kila kuruta asiyepiga vizuri huambiwa anashtuka: unausubiri mlio, mkono unaruka kabla risasi haijatoka.

Akaniondolea risasi, akaweka sarafu juu ya mtutu, akaniamuru nifyatue kavu. Sarafu haikuanguka. Akarudia. Ikatulia palepale.

“Unaona nini?” akauliza.

Nikamwambia ukweli: naona kijiti cha kilengeo cha mbele, lakini kingo zake zimelainika, na nikikaza macho kinakuwa kama viwili.

Nilitarajia matusi. Badala yake akalala chini mchangani, ubavuni kwangu, shavu lake karibu liguse ardhi, akanitazama uso kwa upande. Alikaa hivyo kitambo. Mtu wa umri wake, na magoti yale, hakulala chini kwa starehe.

Leo nakata lenzi huko Maryland, ndiyo riziki yangu, kwa hiyo naweza kueleza alichokiona vizuri kuliko nilivyoweza siku ile. Ukilala kifudifudi na fulana ya kinga, kola yake inainua helmeti kwa nyuma, na ukingo wa mbele unashuka kwenye nyusi. Helmeti inasukuma kinga, kinga inateremka puani, na kile kifremu cha ndani kinashuka nayo na kuinama. Wakati huohuo shavu limelala kwenye kitako cha bunduki na kichwa kimeinamishwa, kwa hiyo jicho halitazami tena kupitia katikati ya lenzi. Linatazama kupitia pembe ya juu, upande wa puani. Kwa mwenye namba ndogo hilo si kitu. Kwa namba kama yangu, pembe ya lenzi inapindisha picha, na lenzi ikisogea mbali na jicho hata milimita chache nguvu yake inapungua. Nilikuwa nimevaa miwani sahihi mahali pasipo sahihi. Juu ya hayo kulikuwa na ukungu: kila pumzi iliyopanda kutoka mdomoni ilinasa baina ya vioo viwili.

Mimi nilikuwa na dawa yangu, nikaitoa. Nikaomba ruhusa ya kuvua kinga na kupiga kwa miwani ile nyeusi peke yake. Si nayo ni miwani? Si nayo inafunika macho? Sikuwa peke yangu kuwaza hivyo. Vijana wengine wenye miwani walikuwa wamenong'ona jambo lilelile asubuhi. Na kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mjomba wangu alichomea mageti Changamwe miaka nenda miaka rudi kwa miwani ya jua ya mitumba, na aliyemwonya alijibiwa kuwa macho yana mwenyewe.

Afande hakujibu. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, na ndani yake kulikuwa na kioo kikuukuu cha kinga, kimekwaruzika hadi kuwa cheupe. Upande wa kulia, pale ambapo mboni ingekuwa, kilikuwa na kichuma cheusi chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kimezama nusu. Nikageuza kioo kwa ndani nikapapasa kwa kidole: kulikuwa na kinundu kidogo, laini, bila ufa.

“Iraq,” alisema. Akakirudisha mfukoni.

Hakutoa mhadhara, na sidhani alijua takwimu zake. Mimi nazijua kwa sababu sasa ni kazi yangu. Lenzi ya kawaida ya kuonea, kwa kanuni ya Marekani ya tangu miaka ya 1970, inatakiwa kuhimili kigololi cha chuma cha takriban milimita 16 kinachodondoshwa kutoka sentimita 127. Kikifika chini kina mwendo wa kama mita 5 kwa sekunde. Kinga ya kiwandani yenye alama ya Z87+ hupigwa kigololi cha milimita 6.35 kinachokwenda kama mita 46 kwa sekunde. Kinga ya jeshi hupigwa kwa kichuma kinachokaribia mita 200 kwa sekunde. Watu huniuliza kama lenzi za polikaboneti hazitoshi. Polikaboneti ni imara kweli, inabonyea pale plastiki ya kawaida inapopasuka, lakini lenzi imara katika fremu ya urembo ikipigwa inaweza kuchomoka na kurudi nyuma kwenye jicho. Na kando iko wazi. Baruti, mchanga, vipande vya shaba havina adabu ya kuja kwa mbele tu. Ndiyo maana fremu ya kinga yenye lenzi za namba hupimwa yenyewe, na ikifaulu huchapwa Z87-2 kwenye mkono.

Turudi mchangani. Afande aliivua helmeti yangu, akabandua pedi ya mbele na kuihamisha, akakaza mkanda wa nyuma ili ukingo usishuke. Akaishika kinga, akaisukuma juu kabisa ya pua, akavuta mkanda wake hadi ngozi ya kisogo ikajikunja. Kile kifremu cha ndani kilikuwa na vishikio laini vya puani. Akavibana kwa vidole, lenzi zikapanda. Kisha akanionyesha nilivyokuwa nikiinamisha shingo na kuisaka bunduki. Nilete bunduki usoni, alisema, uso usiifuate bunduki. Nikapandisha kitako begani kidogo, kichwa kikanyooka, na kijiti cha mbele kikasimama kimoja, cheusi, kingo zake kali. Sijawahi kufurahia kuona kijiti namna ile.

Ukungu ndio ulibaki. Hapo Kakamega, aliyekuwa amejifanya hasikii kitu, alininong'oneza wakati wa kubadilisha zamu: “We Pwani, sabuni ya ndevu. Paka kidogo, futa na kitambaa kikavu hadi isionekane.” Alikuwa nayo kwenye mkebe wa tumbaku, yeye asiye na unywele kidevuni. Nilipaka ndani ya kinga na pande zote za lenzi ndogo. Ukungu haukuisha wote, lakini ulichelewa, na kuchelewa ndiko nilikokuhitaji. Nikajifunza pia kuzuia pumzi pale inapokwisha kutoka, si pale inapokuwa imejaa; wanafundisha hivyo kwa ajili ya mkono kutulia, ila kwa mwenye vioo viwili faida ni maradufu.

Tukalala tena. M16 hutema maganda yake kulia, na kulia kwa Kakamega ndiko nilikokuwa mimi. Mengi yalianguka mchangani baina yetu, mengine yakagonga helmeti yangu. Niliyazoea kama mvua ya bati. Kisha moja lilikuja chini zaidi. Sikuliona, nilisikia tu ‘ta’ kwenye kioo cha kushoto, na joto likapita shavuni. Lilikuwa limegonga ukingo wa kinga, karibu na kona ya nje ya jicho, pale ambapo miwani ile nyeusi isingekuwa na chochote. Nisikuze mambo: ganda tupu halina mwendo wa kumpofua mtu kirahisi. Lakini ni shaba ya moto, na kope ni ngozi nyembamba, na mtu aliyechomwa kope huku kidole kikiwa kwenye kifyatuo anaweza kufanya lolote. Mimi nilipepesa mara moja, kope zikafagia lenzi kama kawaida yake, nikamalizia risasi zangu.

Tulipokwenda kuangalia karatasi, matundu yangu yalikuwa yamejikusanya chini kushoto, yote ndani ya duara. Afande akaweka alama kwa kalamu, akahesabu mibofyo ya kilengeo, akanizungushia yeye mwenyewe. Hakunisifu. Alisema, “Kumbe una macho,” akaenda kwa aliyefuata.

Mchana tulipanga foleni kutoka uwanjani. Bunduki huingizwa ufito mtutuni kuthibitisha ni tupu, nawe unageuza mifuko na kutamka kwa sauti kwamba huna ganda wala risasi. Tulitamka hivyo mmoja mmoja, sauti zimekauka.

Jioni wakati wa kusafisha bunduki niliikagua kinga. Kwenye ukingo wa kushoto palikuwa na alama hafifu, hudhurungi, na mkwaruzo uliopita mbele ya jicho. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika ila ni laini kwa mikwaruzo, na kioo kilichokwaruzika hakifai tena uwanjani. Nikaenda stoo kuomba kingine. Aliyekuwa zamu alitaka kujua namba ya kifaa, tarehe ya kupewa, namna kilivyoharibika, na kama uharibifu ulitokana na uzembe. Nikajaza fomu, nikatia sahihi, nikageuza, kukawa na sehemu ya kutia sahihi tena.

Kakamega alikuwa nyuma yangu akisubiri kubadilisha soksi. Aliichungulia ile fomu begani kwangu akatikisa kichwa.

“Pwani, kwetu hata shamba linauzwa kwa karatasi chache kuliko hizi.”