Siku ya tisa bila sauti

Leo siku ya tisa sijatamka neno. Daktari alisema siku 14, na alipoona nimekubali upesi mno akaongeza: hata kunong'ona marufuku, maana kunong'ona nako kunazichosha nyuzi za sauti. Nina vinundu viwili, kimoja huku na kingine kule, pale nyuzi zinapogongana. Miaka 16 ya kupaza sauti mbele ya darasa la tatu lenye watoto themanini na ushee, mazoezi ya kwaya Jumatano na Jumamosi, ibada mbili kila Jumapili. "Unaimba teno?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akaguna kama fundi aliyefungua boneti na kukuta alichokitarajia.

Natembea na daftari na kalamu. Siku mbili za kwanza watu walinionea huruma. Sasa Mama Neema ameshachoka. "Baba Neema, ukitaka chumvi nyoosha kidole, usiniandikie insha."

Juzi usiku umeme ulikatika. Mpwa wangu, ambaye yuko kwetu kwa likizo ya chuo na ambaye hulala na simu kifuani kama mtoto na mdoli, akanichomeka spika moja sikioni. "Mjomba, hebu msikie huyu mzee." Zikaja tarumbeta, ngoma za kuendea mguu sawa, kisha sauti nene ya kiume isiyo na haraka hata kidogo. Nilidhani ni wimbo wa jeshi. Mwishoni akaivuta herufi moja, "Zeeeeeet!", akaivuta hadi nikajishika koo mwenyewe. Nikaandika: NANI? Mpwa akacheka gizani. "Ni wimbo wa katuni, mjomba. Wa roboti."

Mwimbaji ni Mizuki Ichirō wa Japani. Tangu juzi sijasikiliza kitu kingine. Mtu aliyezuiwa kusema hupata masikio makubwa.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1948. Mwaka 1968 alitoa santuri yake ya kwanza kama wanavyofanya vijana wote wenye sauti nzuri, wimbo wa mapenzi. Haikuvuma. Mwaka 1971 akapewa wimbo wa kufungulia katuni ya mvulana wa zama za mawe, akauimba. Mwaka uliofuata, Desemba 1972, ikaanza Mazinger Z, hadithi ya kijana anayeendesha jitu la chuma akiwa amekaa ndani ya kichwa chake. Wimbo wake ulitungwa na Watanabe Michiaki, na Mizuki ndiye aliyeuimba. Hapo ndipo jina lake lilipokamatana na ile herufi Z, na hadi uzeeni hakuna jukwaa aliloshuka bila kudaiwa aipige.

Kilichonikaa ni kwamba enzi hizo kazi hii ilionekana ni ya watoto. Jalada la santuri lilibeba picha ya roboti. Uso wa mwimbaji haukuwepo, na mtoto aliyeinunua alikuwa ananunua roboti. Msanii mwenye majivuno angekataa, au angekubali halafu aimbe kwa nusu ya pumzi, na nani angejua? Mizuki hakuona kero. Msikilize kwenye wimbo wa Captain Harlock wa mwaka 1978. Hadithi ni ya haramia wa anga za juu, bendera ya fuvu na kila kitu, lakini namna anavyoingia, taratibu, akiliachia kila neno limalize safari yake, ungeapa anaimba mbele ya watu wazima waliovaa suti.

Hili linanigusa kwa sababu ya jambo ambalo kwenye kwaya wanalijua wawili tu. Miaka kumi na kitu iliyopita niliimba tangazo la duka la magodoro kwenye redio ya hapa mjini. Sekunde 30. Nililipwa shilingi 30,000 na soda. Nikaimba kwa nusu ya pumzi, nikiona aibu kwamba sauti iliyoimba Haleluya inasifia sponji. Tangazo likapigwa miaka mitatu. Siku moja kwenye daladala, konda akawa analiimba huku amening'inia mlangoni, na amelikosea: pale nilipoteremsha sauti kwa uvivu, yeye aliipandisha. Na yake ilikuwa tamu zaidi. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Kuna hesabu iliyonikalisha macho jana. Agosti 1999 Mizuki, akiwa na miaka 51, alipanda jukwaani Kawaguchiko, karibu na Mlima Fuji, akaimba nyimbo 1000 ndani ya saa 24. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari: saa 24 ni sekunde 86,400, gawanya kwa 1000, unapata sekunde 86 kwa wimbo, ukihesabu humo na kunywa maji na kwenda msalani. Wimbo wa kufungulia katuni kwenye televisheni huchukua kama sekunde 90. Kwa hiyo si kwamba alimaliza kila wimbo na beti zake zote, isingewezekana. Hata hivyo mimi ibada mbili za Jumapili zimenifikisha hapa nilipo. Nilimwandikia mpwa: HUYU ALIKUWA NA KOO LA NINI? Akajibu kwa maandishi, eti naye anafunga kusema kwa kunihurumia. Alidumu dakika ishirini.

Kati ya mwaka 1976 na 1979 Mizuki alikuwa pia kaka wa nyimbo kwenye kipindi cha watoto wadogo cha NHK, shirika la utangazaji la huko kwao, akiwaimbisha watoto ambao bado wananyonya vidole. Nami nafundisha darasa la tatu, najua: ukiimba kwa mtoto kwa kumdharau, anajua kabla hujafika kiitikio. Mashabiki walikuja kumwita Aniki, yaani kaka mkubwa. Wengi wao walikuwa ni wale watoto, wameota ndevu.

Mwenzake wa muda mrefu ni Horie Mitsuko, aliyeanza kuimba nyimbo hizi mwaka 1969 akiwa na miaka 12. Wimbo wake wa Voltes V, katuni ya mwaka 1977, ulishikwa na watoto wa Ufilipino kwa Kijapani hichohicho, neno kwa neno, hata baada ya serikali ya Marcos kuipiga marufuku katuni yenyewe mwaka 1979. Hawakujua maana. Mama Neema aliposikia hilo hakushangaa. Yeye anaimba nyimbo za Kilingala tangu yuko msichana, kwa machozi kabisa, na ukimuuliza anasema nini anakwambia "mambo ya mapenzi, si unasikia?"

Mwaka 2000 Mizuki na waimbaji wenzake walianzisha kundi la JAM Project, wakiwa kwenye kazi hiyohiyo ya nyimbo za katuni. Sisemi mengi juu yake, mpwa ndiye shabiki. Kwangu lina kelele nyingi za magitaa.

Sehemu niliyokuwa naikwepa ni hii. Mwaka 2021 sauti ilianza kumgomea. Walipochunguza wakakuta uzi wa sauti umepooza kwa sehemu, na nyuma yake kuna saratani ya mapafu iliyokwisha kutambaa hadi kwenye ubongo. Aliwatangazia watu Julai 2022, akasema ataendelea kuimba maisha yake yote. Mwezi mmoja kabla, Watanabe, yule mtunzi wa Mazinger Z, alikuwa amefariki akiwa na miaka 96. Novemba 27 Mizuki alipanda jukwaani pamoja na Horie akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Desemba 6 akafariki. Miaka 74.

Nilisoma hayo saa nane usiku kwa mwanga wa simu, mkono uko kooni. Vinundu vyangu si saratani, daktari alirudia mara mbili, tena kwa Kiswahili chepesi, nadhani aliyasoma macho yangu. Lakini mtu akiwa kimya usiku anafikiri vibaya. Niliamka nikaenda uani. Nikafungua mdomo, nikaweka ulimi mahali pa ile Z, kifua kikajaa hewa, kila kitu tayari. Mbwa wa jirani akaniangalia. Nikaufunga.

Asubuhi nilimwomba mpwa kwa maandishi anitafutie lile tangazo la magodoro kama bado lipo popote. Halipo. Duka lenyewe lilishafungwa, sasa wanauza vipuri vya pikipiki.

Mwalimu wa kwaya ametuma ujumbe jioni hii: "Ndugu, Jumamosi tunaanza wimbo mpya, teno wamebaki wawili na mmoja anaenda besi bila kujijua. Utakuwepo?" Nimemjibu nitakuja, nitakaa benchi la nyuma na daftari langu, na huyo anayeenda besi anisogelee.