Jinsi nilivyotatua wino kupenya kwenye dayari

Dayari nyingi za steshenari za Moshi zinafaa biki tu. Ukishika kalamu ya wino, maandishi hutambaa kama mizizi, kisha hutokea upande wa pili. Usidanganyike na uzito: karatasi ya gramu 100 isiyowekewa gundi ya kutosha kiwandani hunywa wino, ilhali Tomoe River, karatasi nyembamba ya Kijapani ya gramu 52, huuzuia juu (ndiyo maana hukawia kukauka).

Pima kwa kalamu na wino uleule utakaotumia. Andika mstari, tuliza ncha mahali pamoja kwa sekunde 3, chora mistari inayopishana, ngoja dakika moja, geuza.

Niliishia kutengenezesha yangu. Karatasi 26 za A4 zilizofaulu kipimo, zikichapwa pande zote na kukatwa katikati, hutoa kurasa 104 za A5: mbili kwa kila wiki. Ichapwe kwa mashine ya leza, mistari iwe ya kijivu hafifu, ifungwe kwa spairo ili ilale bapa. Juni na Julai, wakati wa baridi na manyunyu, itunze kwenye folda ya plastiki. Karatasi iliyovuta unyevu husambaza wino hata kama ni nzuri.